Siku Kumi na Mbili

Ezati kapewa likizo na ghala la mahindi,
siku kumi na mbili, kwa barua yenye mhuri.
Akaileta kama mtu aliyeshinda bahati nasibu,
akaiweka mezani, juu ya makombo.
Nikageuza kalenda ya chama cha akiba, mwezi uliokwisha,
nikachora nchi kwa kalamu ya mtoto.
Ilitoka kama kiazi kilichoumwa na panya upande wa ziwa.

"Hapa ndipo tulipo," nikatia nukta: Jinja, Walukuba,
nyumba ya mwisho kabla ya mtaro.
"Na hapa kote," nikazungusha mkono, "hatujafika."

Maana likizo yetu imekuwa misiba na Krismasi.
Miaka kumi na minne ya ndoa, barabara mbili tu:
ya kwenda Arua kwa mama yake,
ya kwenda Kabale kwa baba yangu,
na zote tumezipita usiku, dirisha jeusi,
nchi ikijificha pembeni kama mtu tunayemdai.

Safari hii nilitaka mchana.
Nilitaka Sipi, maji yanapojirusha bila kushikwa mkono.
Nilitaka nisimame daraja la Pakwach niuone Mto Nile,
ambao hapa kwetu huondoka asubuhi bila kuaga,
umefika wapi, umenenepa kiasi gani.
Nilitaka Ruwenzori, wingu likikubali.
Kuna theluji kule, jamani, theluji yetu wenyewe,
na mimi barafu naijua ya samaki.

Ezati akavaa miwani.
"Ukipita Mbale, utampitaje shangazi Nambozo?"
Kweli. Nikaandika: Mbale, siku moja, sukari kilo mbili.
"Soroti yupo Apolot, aliyekukanda uzazi wa kwanza."
Nikaandika: Soroti, sabuni, kitenge.
Gulu, Odokonyero, msimamizi wa harusi yetu;
amejenga, ataona tumemdharau.
Arua siku tatu, hilo halijadiliwi.
Hoima, kaka yake na yule mke mpya.
Kasese, Biira, ambaye hatusemezani,
kwa hiyo ndiyo lazima zaidi.
Kabale, baba, na blanketi, na dawa yake ya magoti.

Nikajumlisha. Siku kumi na tisa.
Petroli haimo bado, wala breki za gari la shemeji,
ambazo huanza kufikiria ukishazikanyaga.
Maporomoko, daraja, theluji,
vyote vimesukumwa ukingoni mwa karatasi.
Wengine hulipa getini kumwona simba.
Sisi kila wilaya tunalipa kwa sukari.

Munguci, miaka tisa, akapenyeza kidole kinachonata
kona ya juu, kulia. "Na hapa?"

Kaabong. Kidepo. Karatasi tupu.
Tukatazamana. Tukahesabu: ukoo wake, wangu,
kanisani, ghalani, majirani waliohama.
Hakuna mtu.
Hakuna wa kuuliza mbona hatukufika kwenye arobaini,
wa kusema nimekonda,
wa kulipima tumbo la Ezati kwa macho.
Nyasi tu, na twiga
wanaotazama juu ya mambo ya watu.

Ezati akacheka taratibu, kama anayeiba.
Akachukua kalamu, akafuta Hoima.
Akafuta Gulu, akapumua, akaifuta tena.
Arua akaizungushia duara.
Halafu akavuta mstari mrefu kwenda kule kweupe,
ukapinda pale mtoto alipomgonga kiwiko,
na hatukuunyoosha.

Usiku, wamelala, nikarudi mezani na orodha.
Chini kabisa, baada ya tochi na dawa ya mbu,
nikaandika: Kaabong, sukari, kilo moja.
Ya nani, sijui.
Lakini mtu haendi mikono mitupu.